KURA HUANZA KUIBIWA KWENYE DAFTARI: Somo kutoka Marekani

Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa chama. Tunaichapa nzima kwa faida ya wasomaji.



Nimetakiwa nizungumzie historia ya siasa ya Marekani tangu enzi za ukoloni. Mada hiyo ni pana kama bahari, na muda wenyewe mnauona. Kwa hiyo nitashika uzi mmoja tu, nao ni kura. Nani alipewa kura, nani alinyimwa, na mbinu gani zilitumika kumnyang'anya yule aliyekwisha kupewa.

Nimeshika uzi huu kwa sababu vijana wetu wengi wanaijua Marekani ya sinema, ya muziki na ya mpira wa kikapu. Wapo wanaodhani demokrasia kule ilishuka kutoka mbinguni mwaka 1776 ikawakuta watu wote wamekaa mkao wa kula. Wapo na wanaosema kura ni upuuzi mtupu, wakubwa wataiba tu, bora kulala. Wote wawili naomba wanisikilize.

MWAKA MMOJA, MAMBO MAWILI

Mwaka 1619, Jamestown, koloni la Mwingereza la Virginia. Mwezi wa Julai, wawakilishi waliochaguliwa na walowezi walikutana kanisani wakafanya kikao cha kwanza cha baraza lao. Mwezi uliofuata, meli ilitia nanga katika pwani ya koloni hilo hilo ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, mateka kutoka Angola. Wakabadilishwa kwa chakula. Bunge na mnyororo viliingia nyumba moja, mwaka mmoja.

Hata hao walowezi hawakuwa sawa. Mwaka 1670 Virginia ilipitisha sheria kwamba apigaye kura ni mwenye ardhi au mwenye nyumba yake. Mzungu kabwela akaambiwa akae pembeni. Lilipokuja Azimio la Uhuru la 1776, lililotangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, aliyeshika kalamu alikuwa Thomas Jefferson, mtu aliyemiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake.

Katiba ya 1787 nayo ikafanya hesabu ya ajabu. Katika kugawa viti vya bunge, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Mtumwa hapigi kura, hasemi kitu, lakini kichwa chake kinamwongezea bwana wake viti bungeni. Na nani apige kura? Katiba ikaliacha suala hilo mikononi mwa kila jimbo.

Wazungu wasio na mali walipigania haki yao, na jimbo la mwisho kufuta sharti la mali lilikuwa North Carolina, mwaka 1856. Lakini mkono ule ule uliompa mzungu kabwela ulimpokonya mtu mweusi aliyekuwa huru. North Carolina ilimfuta mwaka 1835, Pennsylvania mwaka 1838. New Jersey wanawake wenye mali walikuwa wakipiga kura, wakazuiwa mwaka 1807. Msidhani basi kwamba haki ya kura ilikuwa ngazi ya kupanda tu. Watu walipanda, wakateremshwa.

KURA ILIPATIKANA, IKAFANYA KAZI

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilivunja utumwa. Mwaka 1870 yakapitishwa Marekebisho ya 15 ya Katiba: asinyimwe mtu kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka huo huo Hiram Revels, mtu mweusi, aliingia Seneti kuliwakilisha jimbo la Mississippi. Katika miaka ile watu weusi zaidi ya 1,500 walishika nyadhifa za umma Kusini, na baadhi yao walizaliwa watumwa. Serikali walizoshiriki ndizo zilizoanzisha mifumo ya shule za umma katika majimbo ya Kusini, na watoto wa wazungu maskini nao wakasoma.

Hapo ndipo wenye mashamba walipoona hatari. Kwanza walitumia bunduki. Aprili 1873, katika mji wa Colfax, Louisiana, baada ya mgogoro wa uchaguzi, genge la wazungu liliivamia mahakama iliyokuwa ikilindwa na watu weusi, likaua makumi, wengine wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Wachache waliotiwa hatiani waliokolewa na Mahakama ya Juu mwaka 1876. Mwaka uliofuata, baada ya mapatano ya vigogo juu ya urais uliokuwa na utata, majeshi ya serikali kuu yaliyokuwa yakizilinda serikali za mwisho za mageuzi Kusini yakaondolewa. Mbuzi akaachiwa fisi.

KALAMU YASHIKA ZAMU

Lakini bunduki ina kelele, na kelele huleta waandishi wa habari na maswali. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Mwaka 1890 wakubwa wa Mississippi walikaa wakaandika katiba mpya ya jimbo. Walijua hawawezi kuandika kwamba mtu mweusi asipige kura, kwa hiyo katika masharti ya kura hawakutaja rangi hata mara moja. Waliandika kwamba kila anayetaka kupiga kura alipe kodi ya kichwa ya dola 2 kwa mwaka. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa. Kule walifungia sanduku la kura kwa kodi hiyo. Tena aweze kusoma kifungu cha katiba, au akieleze akisomewa.

Nani anahukumu kama umeeleza vizuri? Karani wa uandikishaji! Akija mzungu anapewa mstari mmoja mwepesi. Akija mtu mweusi, hata kama ni mwalimu, anapewa kifungu kinachowashinda mawakili, kisha anaambiwa: umeshindwa, nenda.

Majimbo mengine yakaiga. Louisiana mwaka 1898 ikaongeza ujanja wa babu: ukiwa wewe, baba yako au babu yako mlikuwa na haki ya kura kabla ya Januari 1867, unasamehewa mtihani wa kusoma. Babu wa mtu mweusi mwaka huo hakuwa na kura, na wote walijua. Sasa sikilizeni matokeo. Mwaka 1896 Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 kwenye daftari. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Soma tena tarakimu hizo, ndugu yangu. Sanduku halikuguswa. Palipofanyiwa kazi ni mezani kwa karani.

Kwa nini miaka ile hasa? Kwa sababu wakulima wenye madeni, weupe na weusi, walikuwa wameanza kupiga kura pamoja. Huko North Carolina muungano wao ulishinda mwaka 1894, ukashinda tena mwaka 1896. Matajiri wakashikwa na hofu. Novemba 1898, katika mji wa Wilmington, kundi la wazungu wenye silaha lilichoma ofisi ya Daily Record, gazeti la Alex Manly, mtu mweusi. Wakaua watu, wakamlazimisha meya na madiwani wajiuzulu, na kiongozi wao, Alfred Waddell, akakalia kiti cha umeya siku hiyo hiyo. Hayo ni mapinduzi, na yalitokea Marekani. Ninyi wasomaji wa magazeti haya sina haja ya kuwaeleza kwa nini walianza na gazeti.

Mwaka 1900 jimbo hilo likaweka mtihani wa kusoma na kodi ya kichwa, na kodi hiyo haikuchagua rangi. Mzungu kabwela aliyekosa fedha naye alibaki nje. Mwaka 1901 George Henry White, mbunge mweusi wa North Carolina, alimaliza muda wake. Jimbo lake halikuchagua tena mbunge mweusi mpaka mwaka 1992. Miaka tisini na moja, ndugu zangu!

CHAMA KIMOJA

Ninyi mnaoijua historia ya chama kimoja, hili litawagusa. Kwa zaidi ya nusu karne Kusini mwa Marekani palitawaliwa na chama kimoja tu, Democratic. Siku ya uchaguzi ilikuwa sherehe. Uchaguzi wa kweli ulikuwa kura za maoni ndani ya chama. Texas na majimbo mengine yakasema kura za maoni ni za wazungu pekee, kwani chama ni kama klabu ya watu binafsi. Mwaka 1944 mtu mweusi wa Houston, daktari wa meno, alishinda kesi dhidi ya utaratibu huo katika Mahakama ya Juu. Wakili mmojawapo aliyeiongoza alikuwa Thurgood Marshall, yule yule ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwasaidia wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba.

WALIORUDI MEZANI

Agosti 1962, huko Mississippi, mama mmoja wa miaka 44 aitwaye Fannie Lou Hamer, mtoto wa ishirini katika familia ya wachuma pamba, alipanda basi na wenzake kwenda mjini Indianola kujiandikisha. Karani akamtaka aeleze kifungu cha katiba kigumu cha kisheria. Akashindwa. Njiani kurudi polisi walilisimamisha basi, dereva akatozwa faini eti basi lina rangi ya njano kupita kiasi. Jioni mwenye shamba akamwambia: futa ombi lako au uondoke. Akaondoka usiku ule, baada ya kazi ya miaka 18.

Alirudi mezani, akafaulu mtihani mapema mwaka 1963. Akaambiwa bado hana stakabadhi za kodi ya kichwa. Juni mwaka huo alikamatwa, akapigwa vibaya akiwa mahabusu. Mwaka 1964 yeye na wenzake waliunda chama chao na kwenda kwenye mkutano mkuu wa Democratic kudai viti vya jimbo lao. Wakapewa viti viwili vya kuwanyamazisha. Wakavikataa.

Pamoja naye walikuwapo vijana wa rika lenu, wa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kwa herufi SNCC. Mmoja wao, John Lewis, alisimama Washington mwaka 1963, akiwa na miaka 23, akasema kilio cha Afrika cha mtu mmoja, kura moja, ni chao pia. Desemba mwaka huo Oginga Odinga wa Kenya alipita Atlanta, na vijana hao wakaenda hotelini kumsalimu. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani. Wakanyimwa huduma kwa rangi yao, wakakaa chini, wakakamatwa. Mgeni kutoka nchi iliyojipatia uhuru mwezi ule ule alilala hotelini, wenyeji wake wakaenda rumande.

Machi 7, 1965, mjini Selma, Alabama, watu wapatao 600 walianza kuandamana, Lewis akiwa mbele. Katika wilaya ile, watu weusi walioandikishwa walikuwa kama wawili katika kila mia, na ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili kwa mwezi. Polisi wakawashambulia darajani kwa virungu na mabomu ya machozi, na Lewis akapasuliwa fuvu. Televisheni ikaonyesha.

Agosti 6, 1965, Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria hiyo ilifanya nini hasa? Ilisimamisha mitihani ya kusoma, ikairuhusu serikali kuu kupeleka makarani wake, na kuyalazimisha majimbo yenye rekodi mbaya kuomba kibali kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Mississippi ilikuwa na watu weusi walioandikishwa chini ya 7 katika kila 100 mwaka 1964. Kufika 1967 walikaribia 60. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni karani na kanuni zake.

DAFTARI HALIFUNGWI

Msidhani hadithi iliishia hapo. Mwaka 2000 urais wa Marekani uliamuliwa Florida kwa kura 537, katika jimbo ambalo watu waliowahi kufungwa kwa makosa makubwa hawakuruhusiwa kupiga kura, na majina ya wengine wasiohusika yalikumbwa na usafishaji wa daftari. Mwaka 2018 wananchi wa Florida walipiga kura kuwarudishia wengi wa waliokwisha kutumikia vifungo haki yao. Mwaka 2019 wabunge wakaweka sharti: kwanza walipe faini na gharama zote za mahakama. Kodi ya kichwa ilibadili kanzu.

Juni 2013 Mahakama ya Juu ilikiondoa kifungu kilichoamua majimbo gani yaombe kibali. Siku ile ile Texas ikatangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho. Leseni ya kubeba bastola ilikubaliwa. Kitambulisho cha mwanafunzi kilikataliwa.

Sasa nirudi kwa wale wawili. Anayedhani demokrasia kule ilitoka mbinguni, amesikia ilivyotoka mikononi mwa mchuma pamba na mwanafunzi mwenye fuvu lililopasuka. Na anayesema kura haina maana, namwuliza swali moja: kama haina maana, kwa nini wenye mashamba, mahakimu na magenge yenye silaha walihangaika miaka mia kumzuia mtu mmoja maskini asiipate?

Mwizi wa kura havunji sanduku kama amekwisha kulifuta jina lako. Kwa hiyo kijana makini haanzi siku ya kupiga kura. Anaanza daftari linapofunguliwa. Anakwenda kusoma majina, la kwake, la mama yake na la jirani yake, na likikosekana anamwuliza karani, kwa adabu, mbele ya watu: limekwenda wapi? Akijibiwa ovyo, kesho anarudi na wenzake kumi. Mama Hamer alirudi.

Sasa nakaribisha maswali.