Nyumba za Wazee Wetu Zataka Mkataba wa Miaka Mingi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kusema juu ya nyongeza ya mshahara wala juu ya saa za kazi. Twataka kusema juu ya jambo linalokuja baada ya mshahara wa mwisho. Mfanyakazi akistaafu hupewa barua, hushikwa mkono, na kama alikuwa akikaa katika nyumba ya mwajiri, funguo hutakiwa. Akiba yake huimaliza kwa kujenga nyumba huko kwao, nyumba yenye ngazi mlangoni na choo mbali uani. Baada ya miaka kumi magoti hayataki ngazi tena, na kwenda chooni usiku kumekuwa safari. Watoto wake wako mjini, nao wanakaa chumba kimoja. Basi binti mmoja huacha kazi ili amtunze, na mshahara wa pili wapotea katika nyumba hiyo hiyo.

Ndugu zetu, sisi ndio tuliojenga nyumba za watu wengine. Yafaa tuulize, ya kwetu ya uzeeni itajengwa na nani, na kwa masharti gani?

Makao tunayoyasema si hospitali, wala si nyumba ya kutupia maskini. Ni mtaa ambao kila mzee ana mlango wake na ufunguo wake, na msaada uko karibu: mtu wa kumsaidia kuoga na kuvaa, chakula cha moto, na mtu wa kumkumbusha dawa. Awezalo kulifanya mwenyewe, alifanye. Wako watakaosema kwamba hii si desturi yetu, kwamba mzee hukaa kwa wanawe. Hatubishani nao. Lakini Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa Serikali. Imetaja wote wawili, haikumwachia mtoto peke yake mzigo huo. Na mtaa wa namna hii ukijengwa karibu na watoto, watoto watakuja.

Sasa tutazame wafanyakazi wenzetu waliotutangulia katika jambo hili. Vyama vya Marekani si wageni kwetu. Tom Mboya alikwenda huko mwaka 1956, na shirika la vyama vya huko, AFL-CIO, likatoa dola 35,000 kusaidia kujenga Solidarity House ya Nairobi. Lakini kabla ya hapo, vyama vya New York vilikuwa vimekwisha kuwajengea wanachama wao nyumba.

Mwaka 1927 chama cha washonaji nguo, Amalgamated, kilifungua nyumba 303 katika Bronx. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Abraham Kazan. Mwanachama alitoa dola 500 kwa kila chumba kuwa fungu lake, kisha alilipa kiasi cha dola 11 kwa chumba kila mwezi. Hapakuwa na tajiri wa kula faida. Kazan hakuishia hapo. Mwaka 1951 vyama na jumuiya za nyumba viliunda United Housing Foundation, na shirika hilo likawa na kampuni yake lenyewe ya kusimamia ujenzi. Msanifu wa majengo, Herman Jessor, alikuwa yule yule mtaa baada ya mtaa. Mwaka 1962 ukafunguliwa Penn South, nyumba 2,820 katika majengo 10, kwa juhudi ya chama cha washonaji wa nguo za wanawake, na Rais Kennedy mwenyewe alihudhuria. Mwaka uliofuata Rochdale Village ikaanza kupokea watu, nyumba 5,860. Tena kuanzia mwaka 1968 Co-op City, nyumba 15,372.

Twawaeleza haya kwa sababu ya faida ya kujenga pamoja miaka mingi. Kontrakta anayejua kwamba baada ya mtaa huu uko mwingine hana haja ya kula faida yote mara moja. Mafundi hawatawanyiki kila kazi ikiisha. Mbao za kumwagia zege hutumika tena, simenti na mabomba hununuliwa kwa wingi, na kosa la jengo la kwanza halirudiwi katika la pili.

Lakini, ndugu wanachama, sikilizeni na upande wa pili. Watu wa Co-op City waliambiwa mwaka 1965 kwamba malipo ya mwezi yatakuwa kiasi cha dola 23.02 kwa chumba. Kufika Julai 1974 yalikuwa dola 39.68. Wenyeji walisema kitabu walichopewa kiliwaahidi kwamba kampuni ya ujenzi itabeba gharama zikipanda, kumbe mzigo ulitupwa juu yao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba hisa zao za nyumba hazilindwi na sheria ya hisa za biashara. Mwaka huo huo wakagoma kulipa, na mgomo ukaendelea miezi 13. Mwenye kujenga na mwenye kusimamia walikuwa watu wa nyumba moja, na wote walikuwa upande wa wafanyakazi, lakini urafiki haukuzuia ugomvi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ushirikiano wa miaka mingi bila maandishi ni ahadi tu.

Jambo la tatu ni hili. Penn South haikujengwa kuwa makao ya wazee. Waliohamia wakiwa vijana walizeeka humo humo. Badala ya kuwahamisha, mwaka 1986 jumuiya yao ilianzisha utaratibu wa kuleta wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii ndani ya mtaa. Utaratibu huo ulikuwa wa kwanza wa namna yake katika nchi ile, na katika miaka ya 1990 serikali ya jimbo la New York ilianza kusaidia mitaa ya namna hiyo kwa fedha. Hapo twajifunza kwamba nyumba ya leo ya kijana ndiyo nyumba ya kesho ya mzee.

Basi sisi tuseme nini hapa Kenya? Kwa sheria ya mwaka 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wetu yakatwa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Fedha ni zetu. Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matano, myajadili katika matawi yenu.

Kwanza, ardhi iandikwe kwa jina la jumuiya ya wanachama, isiwe ya kontrakta hata siku moja.

Pili, mkataba na kontrakta uwe wa mitaa kadhaa, lakini kila mtaa uwe na bei yake, na iandikwe waziwazi ni nani atakayelipa simenti ikipanda. Mkaguzi wa hesabu asiwe mtu wa kontrakta. Sehemu ya fedha izuiwe mpaka kasoro zitengenezwe.

Tatu, nyumba za chini ziwe tayari kwa wazee tangu siku ya msingi. Mlango upitishe kiti cha magurudumu, bafu liwe na nafasi ya mita 1.5 ya kukigeuza, pawe na vyuma vya kushika ukutani, na penye ngazi pawe na mteremko usiozidi sentimita moja kwa kila sentimita kumi na mbili za urefu. Kufanya hayo wakati wa kujenga ni kazi ndogo, kuvunja ukuta baadaye ni gharama kubwa.

Nne, gharama ya utunzaji ya kila mwezi ihesabiwe kabla ya tofali la kwanza. Nyumba hujengwa mara moja, lakini mzee huoga kila siku.

Tano, fundi anayejenga na mtunzaji anayeoshea wazee wote wawe na mshahara wa mapatano na haki ya kuwa wanachama. Haifai tujenge raha ya mzee mmoja juu ya mgongo wa mama mwingine asiyelipwa sawasawa.

Ndugu zetu, mambo haya hayatamalizika katika mwaka mmoja. Ndiyo sababu twataka yaanzwe na vijana, ambao magoti yao bado ni mazima. Kila tawi lichague watu watatu wanaojua kusoma mkataba na kupima ukuta, na majina yaletwe katika mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.