MFANYA KAZI NA KUFULI LA PILI

(Haya ni maneno ya Mweka Hazina wa Tawi katika mkutano wa wanachama siku ya Jumapili. Wengi waliomba yaandikwe ili wale waliokuwa zamu wayasome.)



Leo sitasema habari ya hesabu za chama, ijapokuwa ndiyo kazi mliyonipa. Nataka kusema nanyi kwa habari ya mlango wa nyumba.

Mwaka 1998 nilikuwa kibarua katika karakana moja hapa Nairobi. Nilipanga chumba kimoja kwa shilingi 1,200 kwa mwezi, mimi na mke wangu na watoto watatu. Nikashikwa na kichomi, nikalala hospitali. Mnajua desturi: kibarua asiyefika kazini halipwi. Mwezi wa kwanza kodi haikulipwa, na mwezi wa pili kadhalika. Siku niliyorudi kutoka hospitali nilikuta mlango una makufuli mawili, moja langu na la pili la mwenye nyumba. Mke wangu alikuwa ameketi nje juu ya sanduku la bati, na watoto wote watatu wakanitazama mimi. Vitu vilikuwa vimekwisha chukuliwa, na pamoja navyo cherehani.

Fikirini, ndugu zangu. Deni lilikuwa shilingi 2,400. Cherehani ile ndiyo ingalilipa deni, maana mke wangu alikuwa akishona sare za shule za watoto wa jirani. Mjumbe wa chama alipitisha kofia karakanani, na siku ya nne fedha zikatimia. Lakini cherehani ilikuwa imekwisha uzwa. Jamaa yangu ikarudi nyumbani mashambani, na binti yangu mkubwa akapoteza mwaka mzima wa shule. Msaada ulikuja, ila ulikuja baada ya kufukuzwa. Ungalikuja wiki moja mbele, tusingalipoteza kitu. Nami sikujua kwamba iko sheria.

Jambo hili la nyumba si geni katika vyama vya wafanya kazi. Januari 1947, wafanya kazi kama 15,000 wa Mombasa waliweka kazi chini, kwa kuwa mshahara haukutosha chakula wala kodi ya chumba. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter iliiambia serikali ya ukoloni kwamba mshahara usihesabiwe kwa mtu mmoja asiye na mke, bali kwa mtu mwenye jamaa, na fedha za nyumba zihesabiwe ndani yake. Basi msimruhusu mtu yeyote awaambie kwamba fedha za nyumba ni zawadi ya tajiri. Zilidaiwa na wazee wetu.

Sasa tuangalie sheria, moja moja.

Kwanza ni Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31. Inasema kwamba tajiri atampa mfanya kazi nyumba ifaayo karibu na kazi, ama atamlipa fedha za kutosha za nyumba juu ya mshahara wake. Yako mapatano yanayochanganya vyote viwili kuwa mshahara mmoja, na sheria inaruhusu. Lakini hapo lazima ijulikane kwamba fedha za nyumba zimo ndani. Amri za mishahara ya chini kabisa huweka fedha za nyumba kuwa asilimia 15. Nenda leo ukatazame karatasi yako ya mshahara. Kama huoni neno la nyumba, wala mkataba hausemi kwamba limo, uliza.

Pili ni sheria ya mwaka 1959 ya kuzuia kodi za nyumba. Hii inamlinda mpangaji wa nyumba ya kukaa ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mpangaji huyo ana baraza lake, Baraza la Kodi za Nyumba. Mwenye nyumba hawezi kumtoa bila amri. Hawezi kukamata vitu vyake kwa ajili ya deni bila ruhusa ya baraza. Tena, akimkatia maji au kumsumbua kwa nia ya kumfanya ahame, amefanya kosa. Ndugu, mimi nilikuwa nikilipa 1,200! Kufuli lile la pili halikuwa na haki hata siku moja. Nilikuwa na baraza, nami sikulijua.

Lakini tuseme kweli yote. Kiasi kile cha 2,500 kimeachwa nyuma na kodi za mjini. Wengi wenu mnalipa zaidi, kwa hiyo hamumo katika baraza hilo, na haki yenu mtaitafuta mahakamani, ambako ni mbali na ni ghali.

Tatu ni habari ya kubomolewa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makao yafaayo. Maneno haya yalijaribiwa upesi. Mwaka huo huo wapangaji wa Muthurwa, katika landi za zamani za reli, walipewa ilani ya kuhama. Baadhi yao walikuwa wafanya kazi wastaafu wa reli.  Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 Jaji Lenaola akaamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba watu hawawezi kuhamishwa bila utaratibu wenye utu.

Wale wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, walibomolewa mwaka 2011. Kesi yao ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu, na hukumu ikatoka Januari 2021, kwamba watu wasio na ardhi wanaokaa katika ardhi ya umma wana haki ya makao inayolindwa, ingawa hawana hati. Hukumu njema, lakini nyumba zilikuwa zimelala chini kwa zaidi ya miaka tisa. Hapo katikati, mwaka 2016, Bunge liliandika katika sheria ya ardhi kwamba anayetolewa katika ardhi apewe ilani ya maandishi ya miezi mitatu, wanaomtoa wajitambulishe na kuonyesha idhini, na yeye apewe nafasi ya kuokoa mali yake. Ilani ikija, basi, usiitie mfukoni. Ilete chamani siku ile ile.

Nne ni makato ya nyumba mnayoyajua nyote, maana mnayaona kila mwisho wa mwezi. Kwa sheria ya Machi 2024, mfanya kazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na tajiri hutoa kiasi kile kile. Mwenye kupata shilingi 20,000 hukatwa 300, na tajiri huongeza 300. Fedha hizi ni za kujenga nyumba, na sheria imetaja pia nyumba za wale wapatao chini ya 20,000. Kujenga ni jambo jema. Lakini nauliza: yule aliyelazwa hospitali leo, ambaye kodi yake itakuwa deni wiki ijayo, nyumba itakayokwisha baada ya miaka mitatu itamsaidia nini?

Wenzetu wengine wamelifikiria swali hili. Huko Uingereza ipo sheria ya mwaka 2017, iliyoanza kazi Aprili 2018. Inasema kwamba mtu akielekea kupoteza makao ndani ya siku 56, halmashauri ya mahali lazima imsaidie kabla hajatoka. Ofisa huketi naye, huandika mpango, na huweza kusema na mwenye nyumba ili akubali deni lilipwe kidogo kidogo. Sisemi kwamba huko hakuna shida. Wasio na makao wangali wengi. Nasema kwamba wamekubali jambo moja la akili: kumshikilia mtu nyumbani mwake ni rahisi kuliko kumwokota barabarani.

Kwa hiyo, ndugu, naleta mambo matatu mbele ya mkutano huu. Jambo la kwanza, tuiombe serikali ipandishe kile kiasi cha 2,500, ili baraza liwalinde wapangaji wa leo. Jambo la pili, tudai kwamba pamoja na kujenga, uwepo mfuko wa umma wa kumkopesha mfanya kazi kodi anapougua au kuachishwa kazi. Jambo la tatu halimngojei mtu. Tawi letu lianze mfuko wake wenyewe, shilingi 20 kwa mwezi kwa kila mwanachama, kwa mkopo wa kodi tu. Mimi nitaandika hesabu yake katika kitabu chake peke yake, na kila mwanachama ataruhusiwa kukisoma.

Mtu mmoja ameniuliza hapa mlangoni: je, wakikopa wasirudishe? Ndugu yangu, wengine hawatarudisha. Lakini nilipougua mimi, kofia ilipitishwa bila kitabu wala sahihi, na nililipa yote kwa miezi saba. Aliyesaidiwa akiwa bado ndani ya nyumba yake ana kazi na vyombo vya kulipia. Aliyetupwa nje hana.

Mwisho. Jumamosi saa nane mchana ofisi itakuwa wazi. Lete karatasi ya mshahara, lete risiti za kodi, na kama una ilani, lete ilani. Asiyepewa risiti na mwenye nyumba aanze kuidai mwezi huu, maana mbele ya baraza mdomo mtupu hausaidii. Wala usione haya kusema umeshindwa na kodi. Mimi niliona haya, nikanyamaza wiki sita, na haya ile ndiyo iliyouza cherehani.