Mimba Wakati wa Vita

Jambo kwenu mnaotusikia mkiwa chini ya hema, jambo kwa jamaa waliopokea wageni ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na jambo kwa wazee, machefu wa mitaa na viongozi wa kambi. Leo hatutazungumza juu ya silaha. Tutazungumza juu ya mama mwenye mimba. Yeye pia yuko ndani ya habari ya amani, hata kama hakuna mtu aliyemwita kwenye mkutano.

Vita ikipita tunahesabu wafu, majeruhi na nyumba zilizochomwa. Mtoto aliye tumboni hatumhesabu. Tunasema: huyu hajaona kitu, mama yake ndiye aliyekimbia. Sivyo, wandugu. Yeye alikimbia pia.

Niwapeleke kwanza mbali, inchi ya Uholanzi, kwa sababu huko vita ilikwisha zamani, na waganga walipata wakati wa kufuata watoto mpaka wakawa wazee. Mwaka wa 1944 wafanyakazi wa gari la moshi waligoma ili kuwasumbua Wajerumani waliokuwa wameteka inchi yao. Wajerumani wakajibu kwa kuzuia chakula kisiingie katika miji ya magharibi. Ikafuata baridi kali. Mjini Amsterdam mtu mzima alifikia kupewa kwa siku chakula kisichofika hata nusu ya kile mwili unachohitaji. Watu walikula mizizi ya maua. Mwezi wa 5 mwaka wa 1945 wakakombolewa, mkate ukarudi, na kila mtu akafikiri kwamba njaa imekwisha.

Kumbe haikuwa imekwisha. Waganga walitafuta vitabu vya uzazi vya hospitali, wakawaita wale waliozaliwa wakati ule, nao sasa walikuwa watu wa miaka 50 hivi. Wale ambao mama zao walipata njaa katika miezi ya mwisho ya mimba walikuwa wamezaliwa wadogo. Hilo hatulishangai. Lakini wale ambao njaa iliwakuta katika miezi ya kwanza walizaliwa na kilo za kawaida, wazuri kabisa wa kutazama, na baadaye ugonjwa wa moyo ukawapata zaidi kuliko wenzao. Katika watoto wa njaa ile, mwili wa wengi ulishindwa pia kutumia sukari vizuri. Mtoto aliye tumboni hujipanga kufuatana na kile mama anachopata. Akikuta uchache, viungo vyake vinajengwa kwa uchache, na ujenzi ule haubomolewi siku chakula kinaporudi.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 2012 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa Goma, katika hospitali ya HEAL Africa, kwa mama 25 na watoto wao wachanga. Mama waliulizwa juu ya mateso waliyopata: vita, ubakaji, shida za kila siku. Waliopata mateso mengi zaidi walizaa watoto wenye kilo pungufu. Tena katika damu ya watoto zilionekana alama kwenye sehemu ya urithi inayosaidia mwili kutuliza hofu. Mama 25 ni wachache, mimi sitaki mjenge nyumba nzima juu ya tofali moja. Lakini linafanana na yale yaliyoonekana mahali pengine, na mama wengi watasema hawakuhitaji mganga awaambie.

Kuna jambo lingine ambalo wazee wa Idjwi wanalikumbuka. Tangu miaka ya 1960 waganga walikwenda katika kisiwa kile kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa shingo, na watoto waliobaki wafupi wenye akili iliyochelewa. Mtu asiyejua angesema ni uchawi. Ilikuwa ni upungufu wa iyode, tangu mimba na baada ya kuzaliwa. Waligundua pia, huko na Ubangi, kwamba muhogo usiotayarishwa vizuri unazuia mwili kutumia hata ile iyode kidogo iliyopo. Sasa fikirini: muhogo mchungu unataka kuloweshwa siku 3, kisha kuanikwa. Ni nani anayekimbia risasi atangoja siku 3? Vita inaingia ndani ya sufuria. Kwa hiyo, mkiisha kutua, rudisheni zile siku 3, na mnunue chumvi yenye iyode hata kama ni kijiko kimoja sokoni.

Nyinyi viongozi, neno langu kwenu ni fupi. Mnapoandika orodha ya chakula, mama mwenye mimba aandikwe kwa jina lake na mimba yake ijulikane. Kama njia ya kwenda kituo cha afya ina kizuizi, ongeeni na wenye kizuizi, maana kule ndiko anapata chandarua, dawa ya malaria na vidonge vya kuongeza damu. Na kwenye bomba, apite mbele. Najua kwamba bomba ndipo wenyeji na waliohama wanagombana. Lakini jaribuni kuanza na kanuni hii moja, kwamba mwenye mimba, wa huku au wa kule, hapangi mstari. Ni vigumu kupata mtu atakayesimama kuipinga mbele ya watu. Mkiisha kukubaliana juu ya hiyo, mnaweza kuongea juu ya zingine.

Tena kuna mama aliyebeba mimba ambayo hakuitaka, mimba ya kubakwa. Huyo anasikia maneno akipita: mtoto wa adui. Wengine wanasema kwa sauti ndogo, wakifikiri hasikii. Anasikia. Hawezi kulala, hawezi kula, na mimba haiwezi kutenga hofu ya bunduki na hofu ya jirani. Bunduki ililetwa na watu wengine, lakini maneno haya tunayaleta sisi wenyewe kila asubuhi.

Mama mmoja aliniuliza: mimi nilizaa katika mbio, mtoto wangu ameharibika tayari? Hapana, mama. Hizi habari zinaongeza hatari tu; si hukumu. Hata kule Uholanzi wengi walizeeka salama. Mnyonyeshe maziwa ya mama peke yake miezi 6, mpeleke kwenye kilo, mpe chanjo. Akikua, umwambie mganga kwamba mimba yake ilikuwa ya vita, ili apime damu na sukari mapema. Na usijilaumu, si wewe uliyeleta njaa.

Baba, wewe ulibaki mwisho. Ile bidoni ya lita 20 ambayo mkeo anaibeba akiwa na mimba ya miezi 7, kesho asubuhi ibebe wewe. Watakucheka siku mbili. Kwaherini.