Maji Yakiwa ya Kijani, Moto Hautoshi

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mwanza)

Leo tuanze na ndoo. Nani hapa amewahi kutumwa maji ziwani akakuta utando wa kijani ukingoni, mzito kama rangi ya nyumba iliyomwagika? Naona mikono mingi! Sasa ulifanyaje? Uliusukuma kando kwa mkono, ukachota, mama akachemsha. Si ndiyo?

Wengine huuita mwani. Lakini mwani ule unaolimwa Unguja na Pemba ni wa baharini, unaushika mkononi. Huu wetu ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama yafanyavyo majani. Wataalamu huwaita saianobakteria, na aina moja iliyopatikana Ghuba ya Mwanza ni Microcystis. Seli zake zina vifuko vya hewa, ndiyo maana huelea, na upepo ukivuma hurundikana mwaloni. Hustawi kwa fosforasi na naitrojeni: mbolea inayosombwa na mvua, maji ya vyooni, na uchafu unaoshuka na Mto Mirongo kutoka mjini. Yaani tunawalisha wenyewe.

Sasa kemia kidogo, msisinzie. Baadhi yao hutengeneza sumu iitwayo mikrosistini. Ni amino asidi saba zilizoshikana kama pete, na pete hiyo haivunjwi na maji yanayochemka. Tena moto hupasua seli, sumu iliyokuwa ndani ikamwagika kwenye sufuria! Ikiingia mwilini hushambulia ini. Kwa maji ya kunywa kila siku, Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 1 kwa lita, yaani gramu moja igawanywe mara milioni. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, maji yenye sumu hii yalitumika hospitalini kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Zaidi ya 50 walikufa. Kwa anayeyanywa au kuyaogelea, dalili ni kutapika, kuharisha, tumbo kuuma na vipele. Si kila utando una sumu, ila kwa macho huwezi kujua.

Najua kuna atakayeuliza, "Kwa hiyo tusichemshe?" Hapana jamani! Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa kwa moto. Chemsha, lakini anza na maji yasiyo na utando: ya bomba, ya kisima, au tembea ufukweni hadi yalipo maangavu. Kuchuja kwa kitambaa hupunguza zile seli tu. Sumu iliyokwisha yeyuka hupita. Na sato, ambaye hula viumbe hawa, mtoe matumbo na ini, umwoshe vizuri kabla ya kumpika.

Na kama mdogo wako amesharudi na ndoo ya kijani, usimkaripie, ametoka mbali. Yamwageni, mwende wawili mkatafute pengine.