Kabla ya Kulipia Ukumbi, Ulizeni Choo

Semina yetu iliyopita ilikuwa hotelini, ghorofa ya kwanza, lifti hakuna. Mimi natumia kiti mwendo. Vijana wanne wakanibeba ngazi nzima. Nawashukuru, ila sikuja kubebwa. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba, kiti hakipiti, basi siku nzima sikunywa maji.

Sheria ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009; Ibara ya 9 inataka majengo yafikike. Serikali tuibane, sawa. Lakini ukumbi ule tuliulipia sisi wenyewe.

Sasa tuulize kabla: njia mserereko ipo? Kiti kinaingia chooni? Kama hakuna, pesa yetu hawapati.