Ukurasa Upi Tuuamini? Kutafuta Mtandaoni Maarifa ya Kufa na Kufiwa



Watu tunaowahudumia huiuliza simu kabla hawajatuuliza sisi wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa dini. Huiuliza usiku wa manane, mgonjwa akiwa amepitiwa na usingizi. Nami nimewahi kuiuliza. Mama yangu, mgonjwa wa saratani, alipokataa uji siku ya nne mfululizo, nilitafuta mtandaoni cha kufanya. Ukurasa wa kwanza kufunguka ulikuwa na picha ya chupa ya dawa ya mitishamba, namba ya kutumia pesa, na maneno kwamba ampendaye mgonjwa wake hamwachi afe njaa. Kulipokucha nilimlazimisha vijiko vitatu. Akapaliwa.

Baadaye nilikuta ukurasa wa hospisi moja, yaani kituo cha kuwahudumia wagonjwa wanaokaribia kufa. Ulieleza kwamba mwili unaokaribia mwisho hauhitaji tena chakula kama zamani, na kwamba kinachomfaa mgonjwa ni kuloweshwa midomo kwa pamba yenye maji na kupakwa mafuta isipasuke. Hilo niliweza, na nililifanya mpaka mwisho.

Kurasa zote mbili zilisema juu ya mgonjwa asiyekula. Wa kwanza haukuwa na mwandishi wala tarehe, na ulichukua mapenzi yangu kwa mama ukayafanya biashara. Wa pili ulikuwa na jina la muuguzi aliyeuandika, tarehe ya kupitiwa upya, na dalili ambazo zikionekana inafaa kumwita mhudumu. Haukuniomba kitu. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa ukurasa wowote wa kifo ni hili: unataka nini kwangu?

Swali la pili ni gumu zaidi: uliandikwa kwa ajili ya nani? Wengi wetu tumefundishwa hatua tano za huzuni, kuanzia kukataa hadi kukubali, na kurasa nyingi huzitaja kama ratiba ya kila mfiwa. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, baada ya kuzungumza huko Chicago na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Kuzihusisha na wafiwa kulikuja baadaye, na utafiti haujathibitisha kwamba huzuni hufuata mpangilio huo. Mjane asiyewahi kukasirika hajaruka hatua yoyote.

Vivyo hivyo, ukurasa unaosema kwamba mfiwa anayejitenga na watu ana sonona haukumfikiria mama aliyekaa eda ya miezi 4 na siku 10. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeutambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, lakini kwa masharti: iwe imepita miezi 6 au zaidi, huzuni iwe imemlemaza mtu katika maisha yake, na iwe imevuka kabisa kiwango cha mila na dini yake. Kwa hiyo matanga, arobaini na khitma ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Kuhusu maumivu ya mgonjwa, tuanzie na maarifa ya karibu nasi. Bado tunasikia kwamba mofini ni dawa ya kumuulia mgonjwa. Ikitolewa kwa kipimo sahihi, huondoa maumivu bila kuharakisha kifo. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, imeitumia mofini ya kunywa miaka yote hii majumbani mwa wagonjwa, na tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Maarifa yao, pamoja na ya Chama cha Tiba Shufaa Afrika kilichoko Kampala, yametoka kwenye nyumba zinazofanana na zetu.

Tatizo ni lugha. Mengi ya hayo yako kwa Kiingereza, na anayetafuta kwa Kiswahili hukutana na matangazo ya tanzia na tafsiri za ndoto. Ukurasa ule wa hospisi ulikuwa wa Kiingereza. Mama yangu mdogo, aliyekesha nami, asingeweza kuusoma.

Naomba basi, kabla semina hii haijafungwa, kila mmoja wetu aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya jambo analolijua kutoka kitandani kwa mgonjwa, na chini yake aweke jina lake, kazi yake na tarehe.