Deni lisiloonekana kwenye hesabu ya Kinshasa



Mimi nilisoma uchumi. Diploma iko nyumbani, kazi bado. Basi leo acha hiyo diploma ifanye kazi hapa.

Tumuangalie mama anayeuza mchele sokoni. Alikopa pesa ya gunia. Jioni anahesabu: pesa iliyoingia, anatoa bei ya gunia, usafiri, kodi ya soko. Kinachobaki kabla ya kumpa mkopeshaji riba yake, watu wa uchumi wanaita ziada ya awali. Kama ziada inatosha, riba italipwa na deni litapungua pole pole. Kama hakuna, atakopa tena kwa kulipa deni la jana. Leta nayo ni hivyo hivyo.

Inchi yetu inajua ubaya wa kukosa hiyo ziada. Wakati wa Mobutu, pengo la bajeti lilizibwa kwa kuchapa noti. Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa noti za milioni 5 za zaire, wafanyabiashara wakazikataa, mji ukaporwa. Mwaka 1994 bei zilipanda zaidi ya 9.000%. Wazee mlio hapa mliyaona, sisi hatukuwa tumezaliwa. Mwaka 2001 serikali ikaanza kutumia tu pesa iliyo kwenye kasha, bei zikatulia. Mwaka 2010 wadai wa nje wakatufutia deni la zaidi ya dola bilioni 12. Ndiyo maana leo wakubwa wanatuambia: deni la Kongo ni dogo kuliko la majirani wengi. Ni kweli kabisa.

Lakini turudi kwa mama wetu. Tuseme anaonyesha ziada nzuri, kumbe kijana wa baiskeli aliyebeba gunia hajalipwa, na binti anayemsaidia ameambiwa "kesho". Hiyo ni ziada gani? Deni limehama mfuko tu.

Leta ikihesabu tu pesa iliyotoka, mtu asiyelipwa haonekani. Mwalimu NP, yule ambaye hayuko kwenye listi ya malipo, anaingia darasani kila asubuhi, lakini kwenye hesabu hagharimu hata franga moja. Wazazi ndio wanambeba. Muuzaji aliyeipa Leta vifaa anangoja. Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale inapoingia. Kinshasa haijaheshimu hiyo kikamilifu. Pesa inayobaki kule inapendezesha hesabu yao, na sisi tunavuka kwenda Alunguli kwa pirogi.

Sisemi Leta ikope ovyo, noti za milioni sizitaki. Januari 2025 IMF ilikubali programu mpya ya karibu dola bilioni 2,8, na bajeti itapimwa tena. Sawa, ipimwe. Ila kila Kinshasa inapotangaza hesabu yake, iandike kando madeni ya ndani, jimbo kwa jimbo: pesa ya majimbo, ya walimu, ya wafanyabiashara. Tunataka kuona namba ya Maniema.

Barua kwa wabunge wetu wa jimbo iko pale mezani, kurasa mbili. Usitie sahihi kabla ya kusoma. Na kama kuna mahali nimekosea hesabu, uniambie mbele ya Jumatatu, siku tutaipeleka.